Dawa za sonona, baipola na upungufu wa umakini: mwongozo kamili wa kuzitumia nyumbani

Maswali ninayoulizwa kuhusu dawa hizi ni mengi, lakini ukiyakuna kidogo yanabaki matatu. La kwanza: nimemeza wiki tatu, sioni kitu, nimeacha. La pili: nilipona kabisa nikaacha, sasa nimerudi nilikokuwa. La tatu: daktari aliniuliza dawa inaendaje, nikajibu "hivyo hivyo tu", akaongeza dozi, na sasa sijui maudhi haya yametoka wapi.

Katika yote matatu dawa haikupata nafasi ya kuonyesha inachoweza. Mambo huharibikia kwenye zile siku ishirini na tisa za mwezi ambazo daktari hayupo.

Mwongozo huu ni wa siku hizo. Haukupangii dozi wala haukuchagulii dawa. Hiyo ni kazi ya aliyekuandikia. Sheria inayoushika wote ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kiandike.

Majina ya dawa nimeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya kitaalamu, ila ukiyatamka utayatambua. Ukisita, muulize mfamasia.

## Vitu vya kuwa navyo

- Daftari dogo. Simu inafaa pia, lakini daftari haliishiwi chaji na unaweza kumpa daktari mkononi.
- Kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba. Kazi yake kubwa ni kukujibu swali la saa nne asubuhi: "Hivi leo nimemeza?" Vidonge ambavyo mtengenezaji ameagiza vibaki kwenye pakiti yake, viache humo.
- Kengele mbili kwenye simu. Moja ya kumeza, nyingine ya kwenda kuchukua dawa siku saba kabla hazijaisha. Wengi huweka ya kwanza na kusahau ya pili, kisha dawa inakatika siku ya sikukuu duka likiwa limefungwa.
- Karatasi moja yenye kila unachomeza. Dawa za presha, vidonge vya uzazi wa mpango, vya maumivu, vitamini, dawa za mitishamba. Vyote.
- Mizani, na kipimo cha presha kama unatumia dawa za umakini au venlafaksini (mojawapo ya dawa za sonona).
- Mtu mmoja unayemwamini. Asiwe polisi wa kukuhesabia vidonge. Awe na ruhusa yako ya kukuambia "umebadilika". Kwa mwenye baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda juu mno na kushuka chini mno, hili ni la lazima, maana anayepanda huwa wa mwisho kujua kwamba anapanda.

## Hatua ya 1: Jua kidonge chako ni cha ukoo gani

Anayemeza dawa ya wiki sita akiisubiri kama dawa ya saa moja ataiacha tu, hata awe mvumilivu vipi.

Dawa za sonona. Fluoksetini, setralini, sitalopramu, esitalopramu na paroksetini ni ndugu. Venlafaksini na duloksetini ni binamu zao, na amitriptilini ni ya ukoo wa zamani. Nafuu ya kwanza huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 4, na jaribio la haki ni wiki 6 hadi 8 kwenye dozi inayotosha. Dawa hizi hizi hutumika pia kwa wasiwasi uliopitiliza.

Dawa za kutuliza kupanda na kushuka. Hapa kuna lithiamu, valproeti, kabamazepini na lamotrijini. Wengine hupewa olanzapini, kwetiapini au risperidoni. Ukifungua karatasi ya ndani ya boksi ukasoma kuwa dawa hiyo ni ya skizofrenia, usidhani daktari amekubadilishia ugonjwa kimyakimya. Dawa moja inaweza kuwa na kazi zaidi ya moja.

Dawa za upungufu wa umakini, hali ambayo wengi wanaijua kwa herufi ADHD. Ziko za aina mbili. Vichangamshi, yaani methilfenideti na jamii ya amfetamini, huanza kazi ndani ya saa moja hivi na huisha siku hiyo hiyo. Zisizo vichangamshi ni atomoksetini, guanfasini na klonidini. Atomoksetini huenda mwendo wa dawa za sonona: wiki 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi.

*Umefaulu hapa kama* unaweza kusema kwa sentensi moja: dawa yangu inaitwa hivi, ni ya kitu fulani, nitegemee kuona tofauti baada ya muda fulani. Usipoweza, rudi ukaulize. Hilo si swali la kijinga.

## Hatua ya 2: Sema haya kabla ya kidonge cha kwanza

Daktari hawezi kukisia usichomwambia, na kuna mambo matano yanayoweza kubadilisha dawa yenyewe.

Vipindi vya kupanda. Je, umewahi kukaa siku kadhaa ukilala muda mfupi sana bila kuchoka, maneno yakikutoka kwa kasi, ukitumia pesa au kuanzisha mipango mikubwa ambayo baadaye uliishangaa? Kwa mwenye baipola, dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha juu. Watu hukifichua kipindi cha giza na kukisahau kile cha mwanga, kwa sababu kilikuwa kitamu. Sema vyote.

Ujauzito, uliopo au unaowezekana. Valproeti ndiyo ya kuogopwa zaidi: takribani mtoto 1 kati ya 10 waliopata dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kama unaitumia na umegundua ni mjamzito, usiikatize mwenyewe kwa hofu. Muone daktari siku hiyo hiyo. Dawa nyingi za sonona huweza kuendelea wakati wa ujauzito kwa uangalizi, kwa hiyo usichukulie kwamba mimba maana yake ni kutupa kila kitu.

Moyo. Kuzimia ukifanya mazoezi, mapigo yasiyo ya kawaida, au ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Hili linahusu vichangamshi hasa.

Figo, tezi ya shingo na ini. Mawili ya mwanzo kwa lithiamu, la tatu kwa valproeti.

Pombe na vilevi. Taja kiasi halisi, si kiasi cha heshima.

## Hatua ya 3: Pima ulipo kabla hujaanza

Ukianza dawa bila kujua ulipokuwa, hutajua umefika wapi. Kumbukumbu ya mtu mwenye sonona si shahidi mzuri: siku mbaya hufuta wiki tatu nzuri.

Kwa sonona, tumia dodoso la PHQ-9. Lina maswali 9, kila moja linapewa alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, 10 hadi 14 ni za wastani, 15 hadi 19 ni nzito kiasi, 20 na kuendelea ni kali. Lijaze siku ya kwanza, kisha kila baada ya wiki mbili. Alama zikishuka kwa nusu, dawa inafanya kazi. Zikishuka chini ya 5, ndiko tunakotaka kufika. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Ukilijibu chochote zaidi ya sifuri, mwambie mtu na daktari siku hiyo, usingoje jumla ya alama.

Kwa baipola, andika kila asubuhi mambo mawili: ulilala kwa muda gani, na hali ya hisia zako kutoka hasi 5 (chini kabisa) hadi chanya 5 (juu kabisa). Usingizi ndio kengele ya mapema kuliko zote. Ukipungua na wewe ukawa na nguvu zaidi badala ya uchovu, hiyo si afya njema.

Kwa umakini, achana na "najisikia mkali zaidi". Chagua mambo matatu unayoyashindwa na yanayohesabika. Mimi ningeandika: mara ngapi wiki hii nilitafuta funguo, barua ngapi zimekaa zaidi ya siku mbili bila jibu, niliweza kusoma kurasa ngapi bila kuinuka. Kwa mtoto, mwombe mwalimu aandike matatu yake, kwa kuwa dawa nyingi hufanyia kazi darasani na kuisha kabla mzazi hajamuona.

## Hatua ya 4: Funga dawa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya

Nia hupotea, mazoea hubaki. Dawa ya asubuhi iunganishe na mswaki au chai ya kwanza. Kaa nayo mahali jambo hilo linapofanyika, mradi pawe pakavu, pasipigwe na jua na watoto wasifike. Bafuni hapafai kwa sababu ya mvuke.

Saa yenyewe ina maana:

- Dawa ya sonona ikikuamsha, iende asubuhi. Ikikusinziza, iende usiku. Fluoksetini mara nyingi ni ya asubuhi, amitriptilini ya usiku.
- Kichangamshi kimeze baada ya kifungua kinywa, kwa sababu baadaye hamu ya kula itaondoka. Methilfenideti ya muda mfupi hudumu kama saa 4. Ya muda mrefu hudumu saa 8 hadi 12. Dozi ya mwisho ikipita saa nane au saa tisa mchana, usingizi utakuwa wa kubembeleza.
- Kidonge cha muda mrefu kisisagwe wala kutafunwa. Kilichopangwa kutoka kidogo kidogo kutwa nzima kitamwagika kwa mkupuo. Aina moja ya methilfenideti huacha ganda lake likatoka chooni likiwa zima. Dawa imeshatoka ndani yake, usiogope.

*Umefaulu kama* siku 14 zimepita na vyumba vya kisanduku havina kidonge kilichobaki. Hadi hapo, usiseme dawa haifanyi kazi. Kwanza haijamezwa.

## Hatua ya 5: Vuka wiki sita za mwanzo

Hapa ndipo wengi huangukia, na sababu ni ya kikatili kidogo: maudhi hufika kabla ya nafuu.

Wiki ya 1 na ya 2. Kichefuchefu, kuharisha kidogo, kichwa kuuma, mtikisiko wa ndani, usingizi kuvurugika. Kwa dawa za ukoo wa setralini, mengi ya haya hupungua yenyewe. Kumeza na chakula hupunguza kichefuchefu. Kinachohitaji macho ni hiki: kwa watu walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa dawa za sonona na kila dozi inapobadilishwa. Mtu wako uliyemchagua awe anakutazama au kukupigia kila siku katika kipindi hiki.

Wiki ya 2 hadi ya 4. Mara nyingi mwili hutangulia. Unalala vizuri kidogo, unaoga bila kujisukuma, unakula. Moyo bado mzito. Waliokuzunguka huona kabla yako. Hii ndiyo wiki ya tatu maarufu ya kuacha, na daftari likionyesha kuwa muda wa kulala umeongezeka kutoka saa 4 hadi saa 6 kwa usiku, unayo sababu ya kuendelea ambayo hisia zako hazikupi.

Wiki ya 4. Kama hakuna kilichosogea hata alama mbili, rudi kwa daktari. Usingoje wiki ya nane kwa unyenyekevu. Kuongeza dozi au kubadilisha dawa ni kawaida, na dawa ya kwanza kushindwa haimaanishi umeshindikana.

Maudhi mengine hayaondoki yenyewe. Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa au kuchelewa kufika kileleni ni jambo la kawaida kwa dawa nyingi za sonona, na ni moja ya sababu kubwa za watu kuacha kimyakimya. Lisemwe. Daktari ana njia kadhaa, lakini hawezi kutumia hata moja kwa tatizo asilolijua. Ukiona aibu, liandike kwenye daftari na umsogezee.

Kwa vichangamshi ngoma ni tofauti: kama dozi ni sahihi, utajua ndani ya siku chache. Dozi iliyozidi humfanya mtu awe mkavu, amefungwa, kama roboti. Dozi ndogo inafanana na kutomeza. Jioni dawa inapoisha baadhi huwa na hasira za ghafla kwa saa moja hivi. Andika saa yake, maana hilo hurekebishwa kwa kupanga muda upya. Pima presha na mapigo kila dozi inapobadilika. Kwa mtoto, pima urefu kila miezi 6, na uzito mara nyingi zaidi ya hapo.

Ukiwa na baipola na ADHD pamoja, utaratibu wa kawaida ni kutuliza hisia kwanza, umakini baadaye. Usilazimishe kinyume.

## Yasiyosubiri ziara ijayo

Kwa haya nenda hospitali sasa hivi, ukiwa na boksi la dawa mkononi:

- Mawazo ya kujiua yenye mpango, au umeshameza vidonge vingi. Amitriptilini na lithiamu zikizidi huua, usingoje dalili.
- Unatumia lamotrijini au kabamazepini na umepata vipele, hasa vikija na homa, vidonda vya mdomoni au macho mekundu.
- Homa, jasho jingi, kutetemeka, kuharisha na kuchanganyikiwa, muda mfupi baada ya kuongeza dawa ya sonona au kuichanganya na nyingine.
- Homa na misuli kukakamaa kwa anayetumia risperidoni, haloperidoli na jamaa zake.
- Maumivu ya kifua au kuzimia ukitumia kichangamshi.
- Kupanda: siku mbili tatu za kulala muda mfupi mno bila kuchoka. Hapa mtu wako ndiye atakayekupeleka, wewe utakuwa unajisikia vizuri mno.

Kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kujaribu kujidhuru, dawa ya mwezi mzima isikae kwake. Mwombe daktari atoe ya wiki moja au mbili, na mtu mwingine aitunze.

## Hatua ya 6: Ukisahau dozi

Kanuni ya jumla: ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikaribia muda wa dozi inayofuata, iruke. Usimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Kuna zisizofuata kanuni hiyo moja kwa moja. Kichangamshi kilichosahauliwa asubuhi kisimezwe jioni. Lithiamu ikipita saa kadhaa, iache hadi dozi ya kawaida, na iandike, kwa sababu itaathiri kipimo cha damu. Lamotrijini ikikatika kwa zaidi ya siku 5, usirudie dozi uliyokuwa nayo. Kwa kawaida huanzwa upya toka chini, maana kurudi kwa kishindo ndiko kunakoalika vile vipele hatari. Klonidini na guanfasini zikikatika ghafla presha inaweza kupanda kwa nguvu, kwa hiyo siku mbili za kusahau ni simu kwa daktari.

## Hatua ya 7: Chunguza vinavyogombana na dawa yako

Chukua ile karatasi yenye kila unachomeza, mpe mfamasia, kisha nyamaza asome. Mimi nilijifunza hili kwa kumeza dawa ya mafua bila kufikiri, nikakesha usiku mzima nikitetemeka. Haya ndiyo yanayonasa watu wengi:

Dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha lithiamu kwenye damu. Zikiwa pamoja na setralini na ndugu zake, huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Tramadoli na dawa za sonona ni mchanganyiko mbaya: hatari ya degedege, na ya ile homa ya kutetemeka niliyoitaja juu. Mara nyingi parasetamoli ndiyo salama zaidi, lakini uliza.

Dawa za kikohozi zenye dekstromethofani. Soma boksi.

Vidonge vya uzazi wa mpango. Kabamazepini huvipunguzia nguvu, na mimba huingia bila taarifa. Kwa lamotrijini mambo yamegeuka: vidonge vyenye estrojeni ndivyo vinavyoipunguza dawa.

Mitishamba. Mmea uitwao wati wa Mtakatifu Yohana (kwa Kiingereza St. John's wort) huuzwa kama tiba asilia ya huzuni. Usiuchanganye na dawa ya sonona hata kidogo, na hudhoofisha dawa nyingine nyingi.

Sigara. Hili huwashangaza wengi: moshi wa tumbaku huharakisha ini kuivunja olanzapini. Ukiacha sigara, jambo jema, kiasi cha dawa kwenye damu hupanda na unaweza kujikuta umelemewa na usingizi. Mwambie daktari tarehe unayopanga kuacha.

Pombe. Huongeza usingizi wa dawa na huirudisha sonona. Na hapa naomba tuwe wakweli: anayeruka dawa Ijumaa ili anywe ameruka dawa mara nne kwa mwezi.

## Hatua ya 8: Vipimo, na lithiamu iliyo mwanakwetu wa pekee

Olanzapini, kwetiapini na risperidoni huweza kuongeza uzito na sukari. Jipime uzito kabla ya kuanza, kisha kila wiki kwa miezi miwili ya mwanzo. Ukipanda kwa kasi, sema mapema, kwani kilo 3 ni rahisi kuzishughulikia kuliko 15. Sukari na mafuta ya damu vipimwe mwanzoni, baada ya miezi mitatu, halafu kila mwaka.

Lithiamu inahitaji nidhamu yake. Ni dawa nzuri mno, na umbali kati ya dozi inayoponya na inayodhuru ni mfupi. Kiwango kinachotafutwa kwa kawaida ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, ikipita 1.5 tunaanza kuzungumzia sumu.

Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza saa tatu usiku, damu itolewe saa tatu asubuhi, na kidonge cha asubuhi kingoje hadi baada ya sindano. Ukimeza kwanza, jibu litatoka juu kwa uongo na daktari atapunguza dozi iliyokuwa sawa. Ni kosa dogo, na nadhani ndilo linaloharibu vipimo vingi kuliko yote. Dozi ikibadilika, subiri siku 5 hadi 7 kabla ya kupima tena. Figo, tezi na kalisiamu kila miezi 6.

Figo hushindwa kutofautisha vizuri lithiamu na chumvi. Ukikosa chumvi au maji, zinaibakiza lithiamu. Kwa hiyo usianze ghafla kula chakula kisicho na chumvi, na unywe maji ya kutosha siku za joto. Ukiharisha au kutapika, piga simu kabla ya dozi inayofuata. Ukipanga kufunga, panga na daktari wiki kadhaa mapema. Dawa kadhaa za presha nazo huipandisha, kwa hiyo daktari wa presha lazima ajue.

Kutetemeka kidogo vidole ni maudhi. Kutetemeka kwa mikono yote, kutapika, kuyumba kama mlevi, ulimi mzito: hiyo ni sumu. Simamisha, nenda hospitali.

## Hatua ya 9: Tumia dakika kumi za daktari

Usiku kabla ya ziara, andika ukurasa mmoja:

1. Alama zako: za mwanzo, na za sasa.
2. Dozi ulizokosa, idadi kamili. "Nne mwezi huu" ni jibu la thamani kuliko "namezaga vizuri".
3. Maudhi mawili yanayokusumbua zaidi, na yalianza siku ya ngapi.
4. Kitu kimoja unachotaka kibadilike.

Daktari akitaka kubadilisha mawili kwa pamoja, uliza kwa adabu kama linaweza kuanza moja. Wakati mwingine ana sababu nzuri ya haraka. Mara nyingi atakubali.

Ukichukua dawa na ukaona kidonge kimebadilika rangi, muulize mfamasia kama ni mtengenezaji mwingine au ni dozi nyingine, uandike tarehe. Kwa lithiamu shikilia aina moja; ikibadilishwa, damu ipimwe tena. Ukisafiri kuvuka mpaka na vichangamshi, beba barua ya daktari na boksi lenye jina lako, na uulize ubalozi kwanza. Methilfenideti iko chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, na nchi nyingine, Japani ikiwemo, haziruhusu amfetamini kabisa hata ukiwa na cheti.

## Hatua ya 10: Kupunguza na kuacha

Kujisikia mzima ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Baada ya sonona ya kwanza kupoa kabisa, ushauri wa kawaida ni kuendelea walau miezi 6 hadi 9, na zaidi kwa aliyeanguka mara kadhaa. Kwa baipola mara nyingi ni miaka. Vichangamshi vinaweza kupumzishwa kwa mpango wa daktari ili kuona kama bado vinahitajika.

Ukifika wakati, na mmekubaliana, chagua kipindi kitulivu. Si mwezi wa mitihani, wala wa kuhama nyumba.

Shuka taratibu, na kiasi unachopunguza katika hatua za mwisho kiwe kidogo kuliko cha mwanzo. Kutoka miligramu 40 hadi 30 ni kitu kidogo kwa ubongo. Kutoka 10 hadi sifuri ni mteremko mkali, ingawa hesabu inaonyesha 10 na 10. Ndiyo maana watu hupunguza vizuri miezi miwili kisha wanaanguka kwenye kidonge cha mwisho. Paroksetini na venlafaksini ndizo zenye makeke zaidi. Fluoksetini hutoka mwilini polepole, hivyo huwa na huruma. Lithiamu ipunguzwe kwa wiki 4 au zaidi, ikiwezekana miezi 3, kwani ikikatwa ghafla humrusha mtu juu.

Kizunguzungu, mishtuko kama ya umeme kichwani, ndoto kali na hasira vikija ndani ya siku chache baada ya kupunguza, huenda ni mwili unaizoea hali mpya, na kurudi dozi ya awali huvipoza upesi. Ugonjwa wenyewe hurudi polepole: wiki kadhaa, usingizi kwanza, kisha hamu ya kula, kisha lile wazo la zamani. Daftari litakuonyesha ni kipi kati ya viwili, kwa sababu tarehe zimo.

Endelea kujaza PHQ-9 kila baada ya wiki mbili kwa miezi 6 baada ya kidonge cha mwisho. Alama zikipanda kwa 5, piga simu. Vidonge vilivyobaki virudishe kwa mfamasia avitupe, usimpe jirani aliyesema naye ana huzuni.